Nakala ya Kiswahili

Mama Nomsa alizikwa Jumamosi iliyopita. Nilifika kanisani kabla ya wenye msiba, kama ninavyofanya kila mahali, nikakaa benchi la tatu kutoka nyuma, ambapo mtu anauona mlango wote. Mwaka wetu wa mafunzo pale kituoni, mtaa wa Observatory, Johannesburg, tulikuwa vijana kumi na wanne. Waliofika mazikoni tulikuwa watano. Wakati wa chakula, sahani za wali na kabichi zikiwa magotini, mwenzetu mmoja ambaye sasa anaendesha basi linalopita Braamfontein alisema kwamba ule ndio mwaka pekee wa ujana wake ambao hakuogopa kitu. Wengine wakaitikia kwa kichwa. Nami nikaitikia. Jumatatu nikarudi kazini, nikafungua taarifa niliyopaswa kuihariri, nikaitazama saa nzima bila kusahihisha hata mstari mmoja, kwa sababu nilikuwa nimeitikia jambo ambalo kwangu si kweli. Kwangu ule ulikuwa mwaka wa hofu, na sehemu kubwa ya hofu hiyo niliitengeneza mwenyewe, mezani, kwa herufi safi.

Kituo kilikuwa nyumba ya mawe juu ya kilima, yenye baraza pana na sakafu ya mbao iliyolia kila ukikanyaga. Kilijengwa kwa ajili ya watu wanaotaka siku mbili tatu za kimya na Mungu wao. Wageni hao wa mafungo walilala upande wa mbele, wenye mawaridi. Sisi wa programu ya vijana tulilala upande wa nyuma, karibu na jiko, vitanda vinne vya chuma kwa kila chumba, madirisha yana nondo. Tulikuwa na umri wa miaka kumi na saba hadi ishirini na mbili. Nusu wakimbizi, nusu wenyeji wa mitaa ya kusini ambao shule ilikuwa imewashinda au wao wameishinda. Asubuhi sala, kisha kompyuta, ushonaji, upishi wa hotelini, na Kiingereza cha kujibu maswali ya kuombea kazi. Ukivumilia hadi mwezi wa kumi na moja unatoka na cheti, na pia na mtu mzima mmoja aliye tayari kumwambia mwajiri kwamba anakufahamu. Leo nikisikia watu wakitumia neno tumaini kwenye hotuba huwa najiuliza wanamaanisha nini hasa. Sisi tulijua maana yake: mtu mmoja wa kusema anakufahamu.

Mama Nomsa ndiye aliyekuwa msimamizi wetu. Alikuwa mwanamke mnene, mzaliwa wa KwaZulu, mwenye mwendo wa polepole na masikio ya haraka. Alitusemesha kwa Kiingereza, akikasirika kwa Kizulu. Mezani ugomvi mkubwa ulikuwa ugali. Wenyeji waliupika laini, wakauita papu. Sisi wa kutoka Maziwa Makuu tuliutaka mgumu unaokatika. "Huu uji umekosa kikombe tu," alisema Furaha siku yake ya kwanza jikoni, na mimi nikamtafsiria Mama Nomsa kwa sababu aliniuliza kwa nini watu wanacheka. "Mwambie aje apike wake," akasema Mama Nomsa. "Tukivunjika meno nitajua nani wa kumlaumu." Kesho yake Furaha akapika, na tangu siku hiyo Jumanne na Ijumaa zikawa siku za ugali mgumu.

Furaha alitoka Uvira, Kongo, alikuwa na miaka kumi na tisa kama mimi, na alikuja mwezi wa pili akiwa na nguo ndani ya mfuko wa plastiki. Kitanda chake kilikuwa mkabala na changu. Alikuwa mcheshi mbele za watu, lakini chumbani alilala akiwa amevaa viatu. Nilimwuliza mara moja tu. Alinieleza akiwa amekaa sakafuni, akikunja na kukunjua ncha ya shuka langu: mjomba wake, anayeishi mtaa wa Turffontein, nyuma ya uwanja wa mbio za farasi, alikuwa amemwahidi kwa rafiki yake muuza spea, mwanamume mwenye umri kumzidi mjomba mwenyewe. Furaha alitoka nyumbani asubuhi moja akisema anakwenda kununua mkate, akatembea mpaka miguu ikavimba. Ndani ya nyumba ile alikuwa amemwacha mdogo wake, Neema, mwenye miaka kumi na miwili. "Nilimwacha amelala," aliniambia. "Ningemwamsha, angelia."

Kila Jumatano baada ya chakula cha mchana kikapu kilizungushwa mezani, na kila mmoja wetu akatia karatasi yenye ombi lake. Alhamisi karatasi hizo zilifanywa barua ya maombi, ukurasa mmoja, na Ijumaa barua ilikwenda kwa makanisa yaliyotuletea unga, mboga na blanketi. Kazi ya kuiandika nilipewa mimi mwezi wa tatu, kwa sababu nilikuwa mpangilifu na sikukosea tahajia. Mama Nomsa alinipa kanuni moja: herufi ya kwanza ya jina, na haja kwa maneno machache, bila hadithi. Aliisoma nakala ya Kiingereza yote kabla haijatoka. Lakini kulikuwa na nakala ya pili. Wakongomani na Warundi waliokuwa wakisali kwenye ukumbi mmoja kule Turffontein walitutumia gunia la unga wa mahindi kila mwezi, na kwa heshima yao barua iliandikwa pia kwa Kiswahili. Hiyo Mama Nomsa hakuweza kuisoma. Ilikuwa yangu peke yangu, na sikatai kwamba niliipenda kwa sababu hiyo.

Shemasi aliyekuja kuichukua kila Ijumaa alikuwa mtu wa maneno. Siku moja aliifungua pale pale getini, akaisoma, akanitazama kama mtu aliyepewa chai isiyo na sukari. "Dada Medi, hii barua yenu ni kavu. Mwombeeni F., ana shida. F. ni nani? Shida gani? Sisi kwetu mtu anaombewa kwa jina lake, na jina la mama yake, na mlango anaolala. Sasa tutapiga magoti kwa ajili ya herufi?" Nilicheka, lakini maneno yake yalinichoma. Mimi pia nilikulia kwenye kanisa la namna hiyo, ambapo mwombaji humweleza Mungu mtaa na rangi ya geti. Tena nilikuwa na sababu nyingine, ambayo sikumwambia mtu: nilitaka kuandika kitu ambacho watu wangekisoma wakanyamaza.

Jumatano iliyofuata karatasi ya Furaha ilikuwa na sentensi tatu. Alisema amekimbia nyumba ya mjomba kwa sababu alikuwa akipewa mwanamume asiyemtaka. Aliomba mjomba asionyeshwe njia ya huku. Na ya tatu, iliyokuwa ndefu kuliko zote, alimwombea Neema aliyebaki mle ndani, Mungu amtoe. Kwenye nakala ya Kiingereza niliandika: F., aombewe usalama. Kwenye nakala ya Kiswahili niliandika hivi, na ninaikumbuka neno kwa neno: Furaha wa Uvira, binti aliyeikimbia nyumba ya mjomba wake Turffontein, nyuma ya uwanja wa mbio za farasi, ili asiozwe kwa nguvu, sasa amehifadhiwa kwetu Observatory, ombeni mjomba asiijue njia. Sentensi ya tatu niliiacha. Ukurasa ulikuwa umejaa, na niliona kuhusu Neema ni jambo jingine, la wiki nyingine. Nilipomaliza niliisoma kwa sauti ndogo, nikaridhika. Mpaka leo hujiuliza ilikuwaje nisione. Jibu langu ni kwamba sikuliwaza kanisa kuwa mahali penye milango. Nililiona kama chumba cha ndani, ambamo kinachosemwa kinapanda juu tu.

Jumatatu alasiri alikuja Wanjiru, Mkenya aliyefanya kazi benki na kujitolea kutufundisha kompyuta. Alikuwa akifungua koti, akasema bila kunitazama, "Medi, jana nilialikwa kule Turffontein. Wueh, huyo Furaha wenu ameombewa. Watu wamelia. Kuna mama mmoja wa kwaya hata alishindwa, akatoka nje na simu yake." Nikamwuliza mama huyo alikuwaje. "Ati alikuwaje? Mama tu, wa kitenge. Mbona?" Nikasema nauliza tu. Kisha nikakaa mbele ya kompyuta yangu, nikaandika zoezi lote la siku ile bila kosa. Furaha, aliyeingia baada ya maneno hayo, alikuwa nyuma yangu, akimtania Wanjiru kwamba mashine yake inampendelea Mkenya.

Sikumwambia mtu. Jumatatu ikapita, Jumanne vile vile. Nilijiambia kwamba kina mama wengi wana simu. Nilihamia upande wa pili wa meza ili nitazamane na dirisha la barabarani, na kila gari lililopunguza mwendo kupanda kilima nililiandika namba kwenye daftari, kana kwamba namba ingesaidia kitu. Jumanne ilikuwa siku ya ugali mgumu. Nilitafuna tonge moja mpaka likawa maji. "Unaumwa?" akaniuliza Furaha. Nikasema meno. "Pole. Ni mimi niliyekuvunja," akasema, na meza yote ikacheka. Nilikuwa na nafasi kama ishirini za kumwambia. Nilizihesabu, ndivyo nilivyo, na nikaziacha zipite moja moja.

Jumatano saa nne asubuhi, wakati wa chai, gari la kijivu lilisimama getini. Baba Vusi, mlinzi wetu, alizungumza na dereva, akafungua. Hatukuwa na desturi ya kumfukuza mtu mwenye Biblia mkononi. Alishuka mwanamume mwembamba, suti ya kahawia, viatu vimepigwa rangi, akakaribishwa chumba cha wageni, akapewa kikombe. Baada ya dakika mbili Mama Nomsa aliniita. "Huyu baba Kiingereza chake kidogo. Anasema anatafuta mtoto wake. Kaa hapa uniambie anachosema."

Chumba kile kilikuwa na viti vya kitambaa cha maua na picha ya mchungaji na kondoo. Nilikaa kwenye kiti cha katikati. Mwanamume alinisalimu kwa upole, akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne, akaifungua juu ya goti. Niliijua kwa mbali. Nilizijua pambizo zangu.

"Bibi yangu anaimba kwaya," alisema. "Yeye ndiye aliniletea hii. Ni weye uliandika? Unaandika muzuri."

"Anasema nini?" akauliza Mama Nomsa.

"Anasema mke wake yuko kwaya."

"Mi siko na ugomvi na mutu," akaendelea mjomba wa Furaha, akikoroga chai isiyohitaji kukorogwa. "Nataka tu kumusalimia mutoto yangu. Mwambie Furaha, Neema iko kwa gari, inje pale. Furaha akikuja leo, Neema anabaki mutoto. Asipokuja, ile harusi haivunjiki, anabadilishwa tu bibi harusi." Akanywa kidogo, akaweka kikombe. "Hii ya mwisho si lazima kumutafsiria mama."

Nikasema, "Anasema anataka kumsalimia Furaha."

Mama Nomsa alinitazama. "Ametumia maneno mengi kwa salamu."

Sijawahi kuogopa hivyo kabla wala baada, na nimeishi Johannesburg miaka mingi. Sikuwa namwogopa yule mwanamume. Niliogopa kwamba nikifungua mdomo Mama Nomsa angejua mimi ni nani, na mwezi wa kumi na moja hakungekuwa na mtu wa kusema ananifahamu. Huo ndio uliokuwa mzani wangu: cheti changu upande mmoja, mtoto wa miaka kumi na miwili upande wa pili, na ninaona haya kuandika kwamba kwa muda fulani pande zote mbili zilikaa sawa. Kisha nikasikia sauti yangu ikisema kwa Kiingereza kila kitu kwa mpangilio, kama nilivyofundishwa: amesema nini, kwa maneno gani, neno lipi aliniambia nisilitafsiri. Nikaeleza ile karatasi ni nini, imeandikwa nini, imeandikwa na nani. Nikasema na ile sentensi niliyoiacha.

Mama Nomsa aliinuka. Alichukua sahani ya mkate uliopakwa jamu, akatoka, akashuka ngazi za baraza moja baada ya nyingine, akafungua mlango wa nyuma wa gari la kijivu, akaingia. Gari likaegemea upande wake. Kupitia kioo niliona msichana mdogo akijisogeza kumpisha, na mkono wa Mama Nomsa ukimpa mkate. Baba Vusi, ambaye hakuwa ameambiwa kitu, akalifunga geti na kuning'iniza kufuli.

"Mama, toka kwa gari yangu," akasema mjomba, amesimama nje.

Nikatafsiri.

"Mwambie miguu inaniuma," akasema Mama Nomsa kutoka ndani. "Halafu umwambie yeyote mwenye simu amwite afisa wa ustawi wa jamii. Siyo huyu umtafsirie hiyo."

Ndipo Furaha akatokea upande wa jiko. Alikuwa amevua aproni. Alikuwa amemwona Neema kupitia dirishani, na alikuwa akitembea kuelekea gari kwa mwendo wa mtu aliyekwisha kuamua, hajabeba hata ule mfuko wake. Mjomba akamfungulia mlango wa mbele. Mama Nomsa akaniambia, "Mwambie arudi ndani. Gari limejaa." Nikamwambia. Furaha hakusimama. Nikamshika mkono, akanivuta nami, tukaenda hatua nne tano hivyo, mimi nikimwambia afisa anakuja, Neema hatoki hapa, Mama Nomsa hawezi kuinuliwa na mtu yeyote, yeye akisema niachie, Medi, niachie. Alipofika kwenye kioo Neema alikuwa anatafuna. Alimwambia dada yake, mdomo umejaa, "Yaya, huyu mama amenikalia nguo." Furaha akakaa chini kwenye changarawe, mgongo kwenye gurudumu, na hapo akabaki.

Afisa alifika saa tisa. Kwa muda wa saa karibu tano Mama Nomsa hakutoka ndani ya gari lile. Mchana tulimpelekea papu na maharage kwa dirishani, naye akala, na Neema akala, na mjomba akasimama kwenye kivuli cha ukuta akipiga simu ambazo hazikumpendeza. Afisa alizungumza na mtoto peke yao katika chumba cha sala. Nilisikia sehemu ya maneno hayo kupitia mlango, kwa kuwa nilikuwa nimesimama mahali pa kuyasikia: tangu Furaha aondoke Neema hakupelekwa shule tena, na yule muuza spea alikuwa amekuja mara mbili kumpima mguu, apate kumnunulia viatu vya kisigino. Afisa aliandika muda mrefu. Neema akabaki. Mjomba alipokuwa akiondoka alipita karibu yangu, akainamisha kichwa kwa adabu. "Aksanti kwa barua, dada," akasema.

Karatasi alikuwa ameiacha juu ya kiti cha maua. Furaha ndiye aliyeikuta alipokwenda kukusanya vikombe. Aliisoma akiwa amesimama, nami nikiwa mlangoni, na nikamwona akifika mwisho, kisha akiigeuza upande wa nyuma, uliokuwa mtupu.

"Neema iko wapi hapa?" akaniuliza. "Niliandika Neema."

"Nafasi iliisha."

Akaikunja kwenye mikunjo ile ile, akanipa mkononi, akachukua vikombe vyake.

Mama Nomsa hakuniondoa kazini. Kesho yake, Alhamisi, aliniwekea kikapu mezani kama kawaida, akasema nitaandika herufi moja kwa kila mtu, kwa lugha zote, na nakala ya Kiswahili nitamsomea yeye kwa sauti, neno kwa neno, kwa Kiingereza, mpaka niondoke pale. Tulifanya hivyo kila wiki, yeye amefumba macho. Vijana ninaofanya nao kazi sasa huona ninafuta majina na mitaa kwenye habari zao, wakadhani ni sheria za ofisi. Gari la kijivu liliendelea kuonekana. Halikusimama getini tena. Lilisimama chini ya kilima, mahali ambapo lazima upite ukienda popote, siku mbili kwa wiki, wakati mwingine tatu. Mezani watu waliacha kutaniana kuhusu ugali. Neema alilala kitanda kimoja na dada yake, na sasa viatu chini ya shuka vilikuwa jozi mbili. Nilikuwa nikiwasikiliza wakipumua, nikijua kwamba hawaniamini hata nikiwa nimelala.

Mwezi wa tisa, asubuhi ya upepo wa vumbi, gari dogo la kanisa fulani la mbali liliingia kinyumenyume mpaka mlango wa jiko. Hakuna aliyetangaza kitu. Neema alipanda kwanza. Furaha alipita jikoni akiaga mmoja mmoja, akamkumbatia Mama Nomsa kwa muda mrefu, kisha akaja kwangu, mikono yake ikiwa bado na harufu ya vitunguu. Nilikuwa nimeahidi moyoni kutouliza, lakini mdomo ulikuwa umekwisha kufunguka: "Mnakwenda—"

Akaweka kiganja juu ya midomo yangu, taratibu, bila hasira.

"Utuombee," akasema. "Mungu iko na adresi."

Nikaitikia kwa kichwa chini ya kiganja chake, naye hakukiondoa mpaka dereva alipowasha gari.